Pembetano: 540 ni ya zote, 108 si ya zote

Muulize mwanafunzi pembe ya ndani ya pembetano ni nyuzi ngapi, atakujibu bila kusita: 108. Jibu hilo ni la pembetano sawa tu, ile yenye pande zote sawa na pembe zote sawa. Kisichobadilika kwa pembetano zote ni jumla ya pembe za ndani, nyuzi 540.

Chora pembetano yoyote isiyobonyea ndani. Kutoka kona moja, vuta mistari hadi kona mbili zisizopakana nayo. Umepata pembetatu 3, na 3 × 180 = 540. Wapo wanaoweka nukta katikati, wakapata pembetatu 5 na kuandika 900. Wamesahau kuondoa nyuzi 360 zinazoizunguka ile nukta, maana hizo si pembe za pembetano.

Mchoro ambao ningeuweka ubaoni kabla ya kanuni yoyote ni wa nyumba. Chora mraba wa sm 4, juu yake ezeka paa la pembetatu sawa ya sm 4, kisha futa mstari uliotenganisha paa na ukuta. Pande ni tano, kila mmoja sm 4. Sasa pima pembe: chini 90 na 90, paa linapokutana na ukuta 150 na 150, kileleni 60. Jumla ni 540 ileile, ila 108 haipo hata moja! Pande sawa peke yake hazitoshi.

Kuchora pembetano sawa, anza na duara la nusu kipenyo sm 5. Pima nyuzi 72 katikati mara tano, weka alama kwenye duara, unganisha. Kila upande utakuwa karibu sm 5.9. Ukianza na upande mmoja na kupima 108 kona hadi kona, makosa madogo hulimbikizana na upande wa mwisho haufungi.

Angalia pia kipimapembe chenyewe: 72 na 108 zimeandikwa kwenye alama moja, kwa kuwa jumla yake ni 180. Ukisoma safu isiyo yake, pembe inayotakiwa kuwa butu inatoka kali.

Huna bikari? Kata utepe wa karatasi wa sm 3 kwa 30, funga fundo moja, vuta taratibu, kisha ulibonyeze lilale. Fundo lenyewe ni pembetano sawa, lipime.