Siku moja maishani mwangu: cheti kilichogoma kupanda

Saa 12 asubuhi chai, kisha daladala, na saa 2 niko mezani. Nahakiki nakala rudufu za usiku, najibu ujumbe. Nyumbani wanasema kazi yangu ni kukaa tu. Naipenda, lakini kukaa huku kunachosha kuliko kubeba zege.

Saa 3:20 simu inalia. Ni mwalimu mkuu wa shule ninayoitunzia mfumo wa kuandikisha wanafunzi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Vyeti vya kuzaliwa havipandi kwenye mfumo, na leo ndiyo siku ya mwisho. Wazazi wamejaa ofisini."

Najaribu cheti changu cha majaribio: kimepanda. Naomba picha ya mzazi mmoja, anaituma kwa WhatsApp: nayo imepanda. Saa nzima imepita hivyo. Mwishowe nakipiga picha cheti cha mwanangu kwa simu, naihamishia kwenye kompyuta kwa waya, kisha naipandisha. Hapo maandishi mekundu yanatokea: ombi limezuiwa na CORS, kanuni ya kivinjari kuhusu tovuti moja kusoma data ya anwani nyingine.

Tovuti yetu iko anwani moja, seva ya data anwani nyingine. Kwa kivinjari, itifaki, jina au poti ikitofautiana, hao ni wageni wawili, na ukurasa hausomi jibu mpaka seva iweke kwenye jibu heda, yaani mstari wa maelezo, ya Access-Control-Allow-Origin, ambayo ndiyo kibali. Basi nikazama humo. Anwani imo kwenye orodha? Imo. Kuna mkwaju (/) wa ziada mwishoni? Hakuna. Ombi la utangulizi ambalo kivinjari hutuma kuomba ruhusa, OPTIONS, linarudi na 204, yaani sawa, na heda zote. POST inayofuata, ile inayobeba picha yenyewe, ndiyo inayokufa. Mwalimu amepiga mara tatu. Mwenzangu ananishauri niweke kinyota (*) kwenye heda hiyo, niruhusu kila anwani. Nikakataa: mle mna kumbukumbu za watoto, na wazazi wanaingia kwa kuki, kitambulisho kinachohifadhiwa na kivinjari; ombi likibeba kuki, kivinjari hakikubali kinyota.

Mchana ulishapita, sijala. Nikaacha kivinjari, nikafungua kumbukumbu za makosa za Nginx, mlinzi wa mbele ya programu yetu. Mstari mmoja: mzigo uliotumwa una baiti 3,871,204, umezidi kiwango. Usipoiambia vingine, Nginx hupokea megabaiti 1 tu. Picha ya simu ilikataliwa mlangoni kwa 413, namba ya kosa la mzigo mkubwa mno, na jibu hilo halikufika kwenye programu inayoweka heda. Kivinjari kikaona jibu lisilo na kibali, kikalalamikia kibali. Na WhatsApp ilikuwa inazipunguza picha, ndiyo maana kwangu zilipita.

Nikaandika client_max_body_size 10m, yaani ipokee hadi megabaiti 10, nikahakiki kwa nginx -t, nikapakia mipangilio upya. Kwenye jibu la 413 la Nginx nikaongeza pia heda za kibali zenye neno always, linaloziweka hata kwenye majibu ya makosa, ili siku nyingine kosa lijitaje lenyewe.

Jioni bado nimekaa, macho yanawasha, naangalia vyeti vikiingia. Kimoja megabaiti 4. Kingine 6. Simu ikalia tena.

"Mwanangu, ofisi imebaki na wazazi wawili tu."