Jioni Niliposhika Shilingi ya Waziri wa Maji

Waliokuwamo katika Bunge la Kumi na Moja la Tanzania watakumbuka jinsi bajeti ya Wizara ya Maji ilivyokuwa ikigombewa. Wizara nyingine ungekuta viti vitupu baada ya chakula cha mchana, watu wako kantini au wanahangaika na wageni wao waliopanda basi kutoka jimboni. Siku ya maji, hapana. Majina ya waombaji yalijaa mapema, na dakika kumi tulizozizoea zikageuka tano ili kila mmoja aseme walau kidogo.

Tano zangu nilizipata asubuhi, na nilizitumia kama wanavyozitumia wengi. Nikamshukuru Mwenyezi Mungu, nikampongeza Waziri na watendaji wake, nikaanza kutaja vijiji. Kengele ya kwanza ikalia, nikaongeza mwendo. Ya pili ilinikuta bado niko kwenye bwawa lililobomoka kingo. "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja," nikakaa. Ukifungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, za siku kama hizo utaona kurasa kwa kurasa za majina ya vijiji, kila mbunge na vyake, na majibu yake mengi ni kwamba Waziri atajibu kwa maandishi. Sidharau mchango wa namna hiyo. Mwananchi anataka kusikia kijiji chake kimetajwa Dodoma, na asipokisikia utaulizwa. Ila kwa dakika zile hujajadili sera ya nchi. Umepiga foleni kama wenzako.

Mimi nilikuwa nimeweka akiba ya jioni.

Waziri akishahitimisha hoja yake, Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi na Spika anakuwa Mwenyekiti. Katibu anasoma mafungu kifungu kwa kifungu. Maji ni Fungu 49. Kifungu cha kwanza ndicho chenye mshahara wa Waziri, na hapo huruhusiwi kuomba kisima. Ukiomba, Mwenyekiti anakukalisha. Unauliza jambo moja la kisera. Usiporidhika na jibu, unatoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara wa Waziri, ili jambo lako lijadiliwe na ukumbi mzima. Ndiyo tunaita kushika au kuondoa shilingi. Waziri hapotezi kitu mfukoni, lakini hakuna anayependa kushikiwa.

Jambo langu lilikuwa tozo ya mafuta. Tangu mwaka wa fedha 2015/16 kila lita ya petroli na dizeli ilikuwa ikikatwa shilingi 50 kwa ajili ya Mfuko wa Maji. Umeme vijijini ulikuwa unapata shilingi 100 kwa lita ileile, na matokeo ya REA, wakala wa umeme vijijini, kila mtu aliyaona: nguzo zinasimama mpaka mahali ambapo hatukutegemea. Wabunge wengi, wa pande zote mbili, tulikuwa tunataka ya maji nayo ifike 100. Sikuibuni mimi hoja hiyo na sitaki sifa zake.

Nilichoongeza mimi ni Sera ya Maji ya mwaka 2002. Nilikuwa nimeandika tarakimu tatu kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi iliyokunjwa: 25, 400, 250. Lita 25 za maji kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka anapoishi, na kituo kimoja kisizidi watu 250. Hayo tuliyaahidi wenyewe kama taifa. Nilitaka Waziri aniambie, kwa fedha za bajeti ile aliyokuwa anaiombea, tarakimu zile zingetimia lini. Tulishapitia mradi wa vijiji kumi kwa kila halmashauri chini ya Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji, iliyoanza 2006/07. Kwangu kuna vijiji mtambo ulichimba ukakuta vumbi, na vingine maji yalipatikana, pampu ikafa, jumuiya ya watumiaji maji haina hata hela ya kununua kipuri. Bila chanzo cha fedha cha uhakika, kila mwaka tungekuwa tunapitisha makadirio makubwa kisha tunasubiri fedha za maendeleo zifike robo.

Majina ya wanaouliza kwenye mshahara hupitia kwenye vyama, kwa hiyo niliyokusudia hayakuwa siri. Mmoja wa wakubwa wa chama changu, chama kilichounda Serikali, alikuja kuinama karibu na kiti changu.

"Mama, shilingi ya nini leo? Si uombe ufafanuzi tu?"

"Nitaomba ufafanuzi, kaka. Nisipoupata nitashika."

Akacheka kidogo, akanigonga begani, akaondoka. Nilijua maana ya kile kicheko.

Nilipoitwa nikabonyeza kitufe, taa ya kipaza sauti ikawaka, na ajabu ni kwamba sikutetemeka. Nilitetemeka baadaye, mezani, nikiwa na kikombe cha chai. Nikasema hoja yangu, nikazitaja tarakimu zile mara mbili mbili ili Hansard wasizikosee, nikamalizia na maneno ya siku zote kwamba nisipopata maelezo ya kuridhisha nakusudia kushika shilingi.

Jibu la Waziri lilikuwa la kistaarabu. Serikali inalitambua tatizo, inathamini ushauri, lakini mafuta yakipanda, nauli inapanda, na unga unapanda. Si jibu la kubeza, na mpaka leo naliona lina uzito. Lakini kuhusu lini, hakusema. Nikasimama tena: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naondoa shilingi, na naomba wabunge wenzangu waniunge mkono."

Nyuma yangu nikasikia viti vinagonga. Sikugeuka. Wapinzani walisimama karibu wote, hilo nililitegemea. Nililolingojea ni upande wangu, na kwa jirani zangu wa kulia nikaona sketi na suruali zinanyanyuka, mmoja wao alikuwa ameniambia asubuhi kwamba naitafuta balaa. Mwenyekiti akachukua majina machache. Mmoja akaeleza wanawake wanaoamka saa tisa usiku kuwahi kisima. Mwingine, mtu wa hesabu, akahoji kwa nini nguzo ya umeme iwe na thamani mara mbili ya bomba. Mwingine akapinga moja kwa moja: wapiga kura wake ni wasafirishaji, wasingemwelewa. Nilimheshimu kwa kusema bila kuzunguka.

Kisha Serikali ikaleta hoja ya utaratibu, na hapo ndipo nilipobanwa. Tozo haibadilishwi kwenye Fungu 49. Inabadilishwa na Muswada wa Sheria ya Fedha, mwezi Juni, na kabla ya hapo mahali pake ni Kamati ya Bajeti. Ni kweli kabisa, na nilikuwa nalijua. Saa nayo ilikuwa inakimbilia gilotini, ambapo vifungu vilivyobaki vinapita bila mtu kuuliza chochote, na nyuma yangu kulikuwa na wenzangu wenye maswali yao. Nikaomba kitu kimoja: Serikali itamke mbele ya kipaza sauti kwamba itaketi na Kamati ya Bajeti juu ya shilingi 100, badala ya kusema itaangalia. Wakatamka. Nikarudisha shilingi, yaani nikaiacha hoja yangu.

Juni ilipofika, tozo ilibaki 50. Kamati iliketi kweli, ikabishana kweli, na mafuta yakashinda. Lililokuja baadaye lilikuwa la aina nyingine: sheria ya mwaka 2019 iliyounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuyatoa maji ya vijijini mikononi mwa halmashauri. Nani alichangia nini mpaka ikafika pale, siwezi kudai.

Jimboni hawakuwa wameniona moja kwa moja. TBC, televisheni ya taifa, ilikuwa imeshaacha kurusha mijadala moja kwa moja tangu mwanzoni mwa 2016. Kilichowafikia ni kipande cha video kwenye WhatsApp, nacho kilikatiwa pale niliposema "naondoa shilingi." Kwa hiyo nilipokwenda kwenye mkutano wa hadhara nilipokewa kama mtu aliyemnyang'anya Waziri mshahara. Mzee mmoja akauliza shilingi yenyewe nimekuja nayo. Ikabidi nieleze mkutano mzima kwamba niliirudisha, na kwa nini, na kelele za shangwe zikapungua haraka.

Kijana wa bodaboda akanyoosha mkono kutoka juu ya pikipiki yake. "Mheshimiwa, nimeelewa vizuri? Ulitaka sisi tuongezewe hela kwenye petroli?"

"Shilingi 50 kwa lita, mwanangu."

Wenzake wakapiga honi. Kabla sijajibu, mama mmoja aliyekaa chini na dumu lake akamgeukia. "We, kwa siku unaweka lita ngapi?"

"Tatu. Siku nyingine nne."

"Nne ni mia mbili. Mimi hili dumu nimenunua mia tano, na nikirudi nanunua lingine. Wewe mkeo ananunua mangapi?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana akazima injini, akafikiri, kisha akaniangalia mimi, si yule mama.

"Sasa Mheshimiwa, kule Bungeni mbona hukwenda na huyu?"