Maji ya Oltepesi

Wiki mbili kabla ya safari ya klabu yetu ya magari kwenda Ziwa Magadi, fundi wangu wa rejeta pale Grogan, mtaa wa magereji Nairobi, aligonga kwa ukucha tangi la juu la rejeta yangu, lile la plastiki, akaniambia, "Dada, hii imegeuka kahawia. Ikitoka kiwandani huwa nyeusi tii. Ukiona rangi hii ujue plastiki imechoka, siku yoyote itapasuka hapa kwenye maungio." Nilimwamini. Lakini kodi ya nyumba ilikuwa imenibana, nikamwambia nitarudi mwisho wa mwezi.

Gari lenyewe ni Mazda ya viti viwili ya mwaka 1991, ile ambayo kwao Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Paa lake ni la turubai, na taa za mbele hulala ndani mpaka ubonyeze swichi zichomoze. Injini ni ya cc 1600, gari zima halifiki tani moja. Halikuundwa kushindana kwenye barabara iliyonyooka. Liliundwa kwa ajili ya kona. Leo huwezi kuagiza la aina hiyo, maana Kenya hairuhusu gari la mtumba lililopita miaka minane, kwa hivyo mengi yaliyopo nchini ni yale yaliyoingia zamani, na sisi tulio nayo tunajuana. Ndivyo nilivyoingia klabuni. Mtu aliliona gari langu limeegeshwa Ngong Racecourse siku ya Concours d'Elegance, yale maonyesho ya magari yanayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo, akaniachia kikaratasi kwenye waipa: "Jumapili ya kwanza ya kila mwezi tunatoka. Karibu."

Klabuni tuliitana kwa magari. Mimi nikawa Mama Mazda, ingawa sikuwa na mtoto. Kulikuwa na Subaru Mkubwa na Subaru Mdogo, ndugu wawili wa Umoja. Katibu wetu alikuwa dada mmoja mwenye Honda S2000, mwanamke wa maneno machache ambaye hakupenda kurudia jambo mara mbili. Na kulikuwa na Mzee Datsun, aliyekuwa na 240Z ya rangi ya chungwa, silinda sita kwa mstari, gari alilolifufua kwa miaka kumi na moja nyuma ya nyumba yake huko Buruburu. Sauti ya gari lile ukiisikia mara moja hutaisahau.

Jumapili hiyo ya Februari 2019 tulikutana saa kumi na mbili kasorobo asubuhi kwenye kituo cha mafuta karibu na Bomas. Tulikuwa magari tisa. Watu wengi wakiona magari ya spoti tisa yamepangwa hudhani tunakwenda kushindana, na hata askari wa barabarani hutuuliza hivyo. Katibu alisimama mbele yetu na kikombe cha chai, akasema yale anayosema kila mwezi: "Hatukimbizani. Hakuna kupitana. Ukifika njia panda au mlimani, usiondoke mpaka uone taa za mwenzako wa nyuma kwenye kioo. Mzee anafunga msafara." Kufunga msafara ndiyo kazi niliyokuja kuiheshimu kuliko zote klabuni. Anayefunga haoni chochote ila migongo ya wenzake, na buti lake limejaa vitu vya watu wengine: spana, mpira wa rejeta, feni belti, waya, kamba ya kuvutia gari.

Rongai tulivuka matuta jinsi magari ya chini yanavyovuka, kwa kukata pembe, tairi moja moja, matatu zikitupigia honi nyuma. Kiserian tukaanza kupanda. Kona Baridi upepo ukatupokea kwa nguvu kama kawaida yake, tukashuka kutazama Bonde la Ufa likiwa limetandazwa chini, vilima vya samawati vikififia kimoja nyuma ya kingine. Hapo nyuma tulipotoka kulikuwa na ukungu na makoti. Huko chini tulikokuwa tunakwenda kulikuwa na jua peke yake. Kutoka Nairobi hadi Magadi unashuka zaidi ya mita elfu moja, na masikio yanakuambia hivyo kabla ya macho.

Sijui niuelezeje mteremko ule kwa mtu asiyeupenda usukani. Gia ya tatu, paa limefunguliwa, gari jeupe mbele yangu likiinamia kona nami nikiinama nalo, na nyuma kwenye kioo ile rangi ya chungwa ikitokea, ikipotea, ikitokea tena. Tulipita Olorgesailie, tukatembea kwenye madaraja ya mbao juu ya zile shoka za mawe za watu wa kale ambazo wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walizikuta zimetapakaa miaka ya 1940. Magadi tulikaa muda mfupi kwa sababu ya joto. Nilichukua kipande cha magadi kando ya ziwa, cheupe chenye uwekundu kidogo, nikakifunga kwenye leso nimpelekee mama yangu, aliyekuwa akinituma dukani magadi ya shilingi mbili kila alipoinjika maharagwe.

Saa nane mchana tukaanza kurudi.

Tulipopita Oltepesi na kuanza kupanda, nilisikia harufu tamu, kama ya sharubati iliyoungua. Mwenye gari la zamani anaijua harufu hiyo: ni kulanti, maji ya kupozea injini, inavuja kwenye kitu cha moto. Mshale wa joto ulikuwa katikati, mahali unapokaa siku zote, nikajidanganya kwamba ni gari la mbele. Dakika moja baadaye mshale ukapanda kwa ghafla, na mvuke ukaanza kutoka kwenye ukingo wa boneti. Nikaegesha kwenye changarawe na kuzima. Magari saba yaliyokuwa mbele yakapinda kona na kwenda.

Mzee Datsun aliegesha nyuma yangu. Hakuniuliza kitu. Aliingia upande wangu, akawasha swichi bila kuwasha injini, akafungua hita hadi mwisho na feni yake, hewa ya moto ikanipiga magotini katika jua lile la kuunguza. "Acha itoe joto la injini," akasema. "Na mfuniko wa rejeta usiuguse. Nusu saa." Kisha akainua boneti, na tukauona ufa, mwembamba kama unywele, urefu wa kidole changu cha shahada, hasa pale fundi wa Grogan alipogonga.

Nilimwambia aende. Nilimwambia nitatafuta lori la kunivuta hadi Kiserian, kwamba ni kosa langu, nilionywa nikapuuza. Machozi yalikuwa karibu.

"Binti yangu," akasema, "nani amekuuliza kosa ni la nani?"

Akaketi kwenye jiwe katika kivuli kidogo cha mgunga, akaanza kunisimulia jinsi alivyolipenda gari lake. Mwaka 1973 alikuwa na miaka tisa. Baba yake alimpeleka kando ya barabara kutazama mbio za magari za Safari Rally, wakati ule ikifanyika siku za Pasaka. Dereva Shekhar Mehta akapita na 240Z iliyojaa matope hadi kwenye madirisha. Mwisho wa mbio zile Mehta na Harry Källström, naye akiwa na Datsun, walilingana pointi, ikabidi watenganishwe kwa kanuni, Mehta akapewa ushindi. Ulikuwa wa kwanza kati ya mara tano alizoishinda Safari. Mzee alisimulia polepole, akinyamaza kila mara kusikiliza injini yangu ikitoa milio midogo ya chuma kinachopoa. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akiijaza ile nusu saa ili nisiifungue rejeta.

Alipoona imepoa vya kutosha alifungua mfuniko kwa kitambaa. Ndani ilikuwa kavu. Akakwangua plastiki kwa msasa, akaipangusa, akachanganya gundi ya mirija miwili juu ya kifuniko cha bati, akaipaka kwa kijiti cha kiberiti kando ya ufa wote. Mkono wake haukutetemeka. Kilichobaki ni maji, na chupa zetu za kunywa zilikuwa zimeisha.

Ndipo walipotokea mama mmoja na mwanawe wa miaka kama kumi na miwili, na punda wawili waliobeba mitungi ya njano ya lita ishirini. Walikuwa wanatoka kuteka, na kwa jinsi vumbi lilivyowafika magotini hawakuwa wametoka karibu. Mama hakujua Kiswahili kingi. Mtoto alikuja akachungulia ndani ya boneti, akauliza, "Inaumwa?" Nikamwambia ina kiu. Akamgeukia mama yake, wakazungumza Kimaa, lugha ya Wamaasai, na yule mama akafungua kamba na kuushusha mtungi mmoja mzima miguuni pangu.

Nilikataa. Nilitaka lita tano tu. Yeye akainua mtungi mwenyewe, akaanza kumimina, na Mzee Datsun akaelekeza maji kwa karatasi aliyoikunja kama faneli. Niliyasikia yakiingia. Kila tone lililomwagika kando likafyonzwa na changarawe kabla sijaliona vizuri. Rejeta ilichukua karibu lita sita, na kilichobaki akatujazia kwenye chupa zetu zote, mtungi ukabaki mtupu. Nilitoa pesa, akakunja vidole vyangu juu ya noti na kuurudisha mkono wangu kifuani pangu. Nilichojua kwa Kimaa kilikuwa maneno mawili, nikayasema: "Ashe oleng," yaani asante sana. Akacheka, akanirekebisha matamshi.

Wakati huo huo nikasikia injini juu ya mlima. Kwanza ile ngurumo ya Subaru, mbili, zikifuatana. Kisha S2000, ambayo hulia kwa sauti nyembamba hata ikiteremka. Mtandao wa simu ulikuwa haushiki pale, hakuna aliyewapigia. Walikuwa wamefika Kona Baridi, wakahesabu, wakapata saba. Wakageuza wote. Yakatokea kwenye kona moja baada ya jingine, taa zimewashwa mchana, yakaegesha kwa mstari nyuma ya Datsun, na katibu akashuka na kuuliza kitu kimoja tu: "Inahitaji nini?"

Tulipanda mlima kwa mwendo wa kilomita arobaini kwa saa, mfuniko wa rejeta ukiwa umelegezwa ili shinikizo lisijae na kuifungua gundi. Kila baada ya kilomita nne tulisimama sote kuongeza maji. Magari manane yenye injini zinazoweza kufika Kona Baridi kwa dakika chache yalitambaa nyuma yangu jioni nzima. Nairobi tuliingia saa tatu usiku.

Kesho yake nilikuwa Grogan kabla fundi hajafungua. Aliniwekea rejeta ya aluminiamu, tangi lake pia la aluminiamu.

Mwezi wa Machi nilisimama mbele ya wenzangu pale kituo cha mafuta, nikaomba turudi njia ile ile. Hakuna aliyebisha. Kila gari lilibeba mitungi. Buti la Mazda lina betri na tairi ya akiba, halina nafasi, kwa hivyo mtungi wangu wa lita ishirini ulikaa kwenye kiti cha abiria, nikaufunga mkanda. Katika kila tuta la Rongai niliushika kwa mkono wa kushoto.

Tuliuliza Oltepesi, tukaelekezwa. Tulimkuta mama yule karibu na barabara, akaikagua ile foleni ya magari na mitungi ikishushwa, mmoja, mmoja, hakusema neno. Mtoto ndiye aliyenijia mbio. "Imepona?" akauliza. Nikafungua boneti. Akapitisha kiganja juu ya aluminiamu mpya, kisha akachuchumaa, akatazama chini ya gari kama kuna tone. Hakukuwa na tone. Akamwita mama yake kwa Kimaa, na mama akaja, akaweka kiganja chake palepale.