Kuchapa sheki nyumbani: rula kwanza, programu baadaye

Ninatunza hesabu za depo ya yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, hapa Lubumbashi, katika komini ya Katuba, ambako tunauza saruji, misumari na mabati. Wateja wetu karibu wote hulipa fedha taslimu au kwa simu, lakini wafanyabiashara wawili wanaotuletea mzigo hutaka sheki, yaani hundi ya benki, na yaya ana mwandiko ambao hata yeye mwenyewe huusoma kwa taabu. Sheria ya pamoja ya Geneva ya mwaka 1931 kuhusu sheki inasema kwamba kiasi cha tarakimu kikitofautiana na kile cha maneno, maneno ndiyo yanayoshika. Karani wa dirishani hana muda wa kujadili Geneva. Anakurudishia karatasi yako. Sheki ya tatu iliporudi, niliamua kwamba kuanzia siku hiyo zitajazwa kwa mashine.

Programu ninayotumia ni GnuCash, ya kutunza hesabu, ambayo ni ya bure na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 1998. Ina sehemu ya kuchapa sheki, nami nilidhani kazi yangu itakuwa kuchagua umbo moja katika orodha na kubonyeza. Maumbo yaliyomo katika orodha hiyo yalitengenezwa kwa ajili ya Marekani, ambako mtu huchagua kwanza sheki yenyewe: ndogo ya mkobani yenye kipande cha kumbukumbu ubavuni, ya kawaida ambayo tatu hukaa katika ukurasa mmoja, au ile ya ofisi inayokuja moja kwa ukurasa pamoja na vipande viwili vya kumbukumbu chini yake. Huko mtu anaweza hata kununua karatasi tupu maalumu na kuuchapa mwenyewe ule mstari wa tarakimu za chini, kwa maandishi yaitwayo E-13B na kwa wino wenye sumaku ambao mashine za benki huusoma. Ndani ya mstari huo, tarakimu tisa huitambulisha benki inayolipa. Isitoshe, ukurasa wao una milimita 216 kwa 279, na wa kwetu wa A4 una 210 kwa 297, kwa hiyo hata umbo lililokaribia kufaa lingekaa upande.

Sisi tunapewa kitabu na benki, kikiwa kimekwisha kuchapwa kila kitu, na linalobaki ni kujaza nafasi tano: jina, kiasi cha tarakimu, kiasi cha maneno, mahali na tarehe. Kwa bahati GnuCash hukuruhusu kuunda umbo lako mwenyewe, ukitaja kila nafasi iko umbali gani kutoka kona ya juu kushoto, na hupokea milimita. Nilitumia jioni nzima na rula ya mtoto wa shule. Kisha nikachapa kwenye karatasi ya kawaida, nikaiweka juu ya sheki halisi, nikaziinua zote mbili mbele ya dirisha ili nione kama maneno yanaangukia mistari. Yaliangukia. Nikatia sheki yenyewe katika mashine, na jina la muuzaji likapanda juu ya nembo ya benki. Nilipoteza mbili kabla ya kuelewa kwamba mashine yangu hushika karatasi isiyo pana katikati ya trei, wakati mimi nilikuwa nimepima kana kwamba inaishika pembeni. Sheki zilizoharibika usizitupe: ziandike neno la kufuta, zibakize kitabuni, na nambari zake ziingie katika hesabu, maana nambari iliyopotea huzaa maswali.

Kuna jambo la lugha pia. Programu yangu iliandika kiasi cha maneno kwa Kiingereza, na benki zetu husoma Kifaransa, kwa hiyo nafasi hiyo naijaza mwenyewe. Ukipata programu inayojua Kifaransa, angalia ni cha wapi: cha Ufaransa kitakuandikia sabini kama soixante-dix, na sisi tuliorithi Kifaransa cha Wabelgiji tumezoea septante kwa sabini na nonante kwa tisini. Baada ya maneno hayo napiga mstari hadi mwisho wa nafasi, ili asipatikane fundi wa kuongeza neno. Kuhusu wino, mashine ya leza ni bora kuliko ile ya wino wa maji, ambao tone moja la mvua ya Januari hulitandaza jina la mtu.

Faida niliyoipata, lakini, haimo katika mwandiko. Zamani yaya aliandika sheki sokoni, akaniambia baada ya siku nne, na huku sheki isiyo na fedha ni kosa la jinai, si aibu tu mbele ya muuzaji. Sasa siwezi kuchapa kabla ya kuingiza malipo katika daftari la kompyuta, na nikiyaingiza tu naona kinachobaki, kwa faranga katika akaunti moja na kwa dola katika nyingine. Mara mbili nimemwambia yaya angoje hadi Ijumaa. Alinuna.

Vipimo vyangu nimeviandika kwa kalamu na kuvibandika nyuma ya mashine, kwa sababu benki ikibadilisha kitabu itabidi nianze tena na rula. Sahihi bado ni ya mkono wa yaya, na bado haisomeki.