Jumanne Kasri Limefungwa

Kosa lilikuwa langu. Saa tatu asubuhi nilishafika Gyeongbokgung, kasri kubwa kuliko yote ya Seoul, simu imejaa chaji, na dirisha la tiketi limefungwa. Mlinzi hakusema neno. Alipishanisha mikono miwili kifuani, mithili ya alama ya kosa kwenye daftari la mtoto wa shule. Ndivyo Wakorea wanavyokwambia hapana bila kufungua mdomo. Gyeongbokgung hupumzika Jumanne, na kasri la jirani yake, Changdeokgung, hupumzika Jumatatu. Ukipanga kwenda, hilo liandike kabla ya kitu kingine.

Nikarudi kwenye treni za chini ya ardhi. Njia namba 3 hadi Jongno 3-ga, nikahamia namba 1, na baada ya kama saa moja hivi nikashuka Suwon. Behewa limejaa watu na kimya chake cha msikitini. Suwon nilikuwa nimeiwekea siku ya mwisho, kama muda ungebaki. Ningejua, ningeanzia huko.

Kinachowapeleka wageni Suwon ni ngome ya Hwaseong. Mfalme Jeongjo aliijenga kati ya 1794 na 1796, na kisa chake kinauma. Baba yake, mwanamfalme Sado, alifungiwa ndani ya sanduku la mchele mwaka 1762 kwa amri ya mzazi wake mwenyewe, mfalme Yeongjo, akafia humo baada ya siku nane. Jeongjo alikuwa mtoto wa miaka kama kumi. Alipokuja kutawala, alilihamishia kaburi la baba yake karibu na Suwon, kisha akajenga mji mpya na kuuzungushia ukuta wa karibu kilomita 5.7.

Nilianza kupanda kutokea Paldalmun, lango la kusini. Ngazi zile hazina huruma. Wazee wenye fimbo na kofia za jua walinipita huku wakipiga soga, nami natweta kama niliyebeba gunia. Juu kabisa kuna Seojangdae, mahali pa kamanda, na ukigeuka unauona mji wote wa maghorofa umelala ndani na nje ya ukuta. Nikashuka upande wa pili, nikapita daraja la Hwahongmun ambalo mto unapenya chini yake kwa matao saba, hadi kwenye mnara wa matofali wenye mabomba matano ya moshi. Moshi mmoja, salama. Mitano, vita vimeshaanza.

Lakini jicho langu lilikuwa kwenye mawe. Ya chini yameiva, meusi, yana madoa ya kuvu. Ya juu yake ni meupe kama meno ya mtoto. Ngome hii iliharibiwa wakati wa ukoloni wa Kijapani, ikaharibiwa zaidi katika vita vya 1950 hadi 1953, na miaka ya 1970 wakaijenga upya. Hawakubahatisha. Kulikuwa na kitabu, Hwaseong Seongyeok Uigwe, kilichochapwa mwaka 1801: michoro ya kila lango na mnara, hesabu ya vifaa, majina ya mafundi, siku walizofanya kazi na ujira waliolipwa. Imo hata mashine ya kuinulia mawe iliyobuniwa na msomi Jeong Yak-yong, kamba na roda kama zile za kupandishia tanga. Mwaka 1997 ngome hiyo, mpya na kuukuu kwa pamoja, ikaingia kwenye Urithi wa Dunia.

Kwenye makumbusho yao nilisimama muda mrefu zaidi mbele ya orodha ile ya mafundi kuliko nilivyosimama mbele ya mnara wowote. Sijui kusoma hata herufi moja, ni maandishi ya Kichina, safu kwa safu. Lakini mimi ni mtu wa Unguja. Desemba 2020 sehemu ya Beit-el-Ajaib, jumba letu la kale, iliporomoka, na nakumbuka nikimweleza mdogo wangu, kwa mdomo na mikono tu, bila kitabu, varanda zilivyokuwa zimekaa.

Alhamisi nikarudi Gyeongbokgung. Ukivaa hanbok, vazi lao la asili, unaingia bure. Usipovaa, tiketi ni won 3,000. Mama mwenye duka la kukodisha aliniangalia mtandio wangu wa kijani, akarudisha koti la waridi alilokwisha nichagulia, akaleta la rangi ya krimu. Utepe wa kifuani nilijaribu kuufunga mara tatu. Alinipiga kidogo kidoleni, akaufunga yeye: kitanzi kimoja, ncha mbili zikining'inia, moja ndefu kuliko mwenzake.

Kasri lilijengwa 1395, likaungua 1592 Wajapani walipovamia, likakaa gofu zaidi ya miaka mia mbili na sabini hadi 1867. Wakoloni wakabomoa sehemu kubwa na kukamilisha jengo la serikali yao mbele yake mwaka 1926. Jengo hilo nalo lilibomolewa miaka ya 1990. Kwa hiyo nyingi ya nguzo nyekundu na dari za kijani na buluu zinazopigwa picha ni za juzi. Wiki iliyopita jambo hilo lingenikera. Baada ya Suwon nilitembea nikitafuta mpaka wa jipya na la kale, nikiinama kwenye misingi kama fundi.

Ndivyo nilivyojikwaa. Katika uwanja wa ukumbi wa kiti cha enzi, Geunjeongjeon, pindo la sketi lilinasa kwenye pete ya chuma iliyopigiliwa sakafuni. Binti mmoja aliyekuwa akipigwa picha akaja kuninasua. Akaigusa pete, akanyosha mkono hewani juu ya vichwa vyetu, kisha akafanya ishara ya kuvuta kamba: hapa ndipo palipofungwa turubai la kivuli. Nikachuchumaa karibu yake, tukaanza kutafuta pete nyingine.