Namna nilivyoutuliza mguu nisio nao

Mguu wangu wa kulia ulikatwa chini ya goti baada ya lori la mchanga kunikanyaga Mbagala. Habari ya ajali sitairefusha, maana kila mtu Dar anayo ya kwake. Ninachotaka kueleza ni kilichofuata: vidole vya mguu ule, ambao ndugu zangu walishauzika, viliendelea kuniuma. Si kigutu. Kigutu kilipona vizuri, nyuzi zikatolewa, ngozi ikafunga. Kilichouma ni vidole vyenyewe, hasa gumba. Vilijikunja kwa ndani kwa nguvu, kucha zikawa zinazama kwenye unyayo, na nikinyoosha mkono nivikunjue, nakuta godoro.

Mwanzoni sikumwambia mtu, maana utaanzia wapi? Nikisema mguu unauma, wanapapasa kigutu na kuuliza kama kimeota usaha. Siku nilipomweleza shangazi yangu wa Temeke Mikoroshini ukweli wote, hakushangaa hata kidogo. "Umezikwa umekunjwa huo," alisema. "Ukafukuliwe, vidole vinyooshwe." Mjomba akaanza kuulizia jembe. Sasa hivi nacheka, lakini saa nane ya usiku, ukiwa kwenye maumivu yale, hata mimi ningeshika taa wachimbe. Jirani naye akaleta hoja ya majini. Nikasomewa, moyo ulitulia, vidole havikutulia.

Panadol haikusaidia. Diklofenaki nayo ilinichoma tumbo tu. Baadaye nilielewa kwa nini: dawa hizo zinafaa palipoumia, penye uvimbe, na kwangu palipoumia palishaoza ardhini zamani.

Aliyenifungua macho ni binti wa fiziotherapia, mdogo kuliko kitinda mimba wangu, niliyepelekwa kwake kujifunza magongo. Alinikalisha, akakibonyeza kigutu, halafu akauliza swali ambalo hakuna daktari aliyewahi kuniuliza: "Na ule uliokatwa, mama, unauma wapi?" Nililia pale pale. Akanipa tishu, akasubiri, akaendelea kuandika. Akaniambia wengi waliokatwa kiungo, zaidi ya nusu yao, wanapata maumivu haya, na kwamba daktari wa Marekani aitwaye Silas Weir Mitchell aliyaandika tangu 1871, baada ya kuwatibu askari waliopoteza mikono na miguu vitani. Sijui kwa nini, lakini kusikia kwamba kuna askari walioteseka hivi kabla bibi yangu hajazaliwa kulinipa nguvu kuliko dawa yoyote niliyokuwa nimemeza.

Kisha akanieleza jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa yote. Seli inayopeleka habari za kidole gumba haikai mguuni. Mwili wake uko kiunoni, pembeni mwa uti wa mgongo, na kutoka pale unashuka uzi mmoja, mwembamba kuliko unywele, karibu mita nzima, hadi kidoleni. Daktari alipokata mguu alikata uzi. Seli yenyewe ilibaki hai, na ncha iliyokatwa haikutulia: ilichipua, ikajiviringa ndani ya kigutu, ikawa inatuma habari bila kutumwa. Na seli haijui imekatwa. Kazi yake tangu nizaliwe ni kusema "kidole gumba", basi itasema hivyo hivyo.

Habari hiyo inapanda uti wa mgongo hadi ubongoni, upande wa kushoto, kwa kuwa habari za kulia huvuka kwenda kushoto na za kushoto kwenda kulia. Huko juu kuna ramani ya mwili mzima. Daktari wa upasuaji Wilder Penfield, aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada, aliichora kuanzia miaka ya 1930. Alikuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, jambo linalowezekana kwa sababu ubongo wenyewe hauna hisia ya maumivu, kisha anagusa sehemu moja moja kwa umeme mdogo na kuwauliza wanasikia nini. Huyu anasema mdomo, mwingine anasema kidole. Ikaonekana kwamba ramani haifuati ukubwa wa mwili: midomo na vidole vya mikono vimechukua eneo kubwa, mgongo mzima umepewa kipande kidogo. Mimi fundi cherehani nilielewa mara moja, maana vidole vyangu vinatambua uzi umekatika kabla macho hayajaona. Unyayo umewekwa ndani kabisa, kwenye ufa unaotenganisha nusu mbili za ubongo. Majirani zake kwenye ramani hiyo sitawataja hapa, wakubwa wataulizana.

Sasa ramani haifutwi kwa sababu mguu umezikwa. Mwaka 2016 nchi hii ilisikia mengi juu ya wafanyakazi hewa: jina lipo kwenye orodha, mshahara unatoka kila mwezi, mtu mwenyewe hayupo. Ubongo wangu ulikuwa unamlipa mfanyakazi wa namna hiyo. Nikauita mguu hewa, na nyumbani jina likashika, mjukuu wangu akawa ananiuliza asubuhi, "Bibi, mguu hewa umeamkaje?"

Kwa wanaoshona: cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Nilipoifungia mota na kuanza kuendesha kwa mguu wa kushoto, mguu hewa nao uliendelea kukanyaga. Nausikia kabisa ukipanda na kushuka, kisigino, vidole, kisigino, vidole. Hilo halikuuma, na kusema kweli lilinifurahisha. Ilikuwa nikisimamisha mashine ndipo unajikunja na kukaza.

Moja ya maelezo ya kukaza huko ndiyo iliyozaa tiba ya kioo. Ubongo unatuma amri, "nyoosha", na umezoea kupata jibu kutoka kwenye misuli na ngozi kwamba amri imefika. Mguu ukikatwa, jibu halirudi, amri inarudiwa, na kila ikirudiwa inakaza zaidi. Miaka ya 1990 daktari mzaliwa wa India, V. S. Ramachandran, akiwa California, alifikiria kuutafutia ubongo jibu kwa njia nyingine, yaani macho: kioo kinaonyesha picha ya kiungo kizima mahali pa kile kilichokatwa. Si wataalamu wote wanaokubaliana na maelezo yake, lakini kioo chenyewe kilijaribiwa. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 22 wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed nchini Marekani, waliokatwa mguu au unyayo. Waligawanywa makundi matatu: wa kioo, wa kioo kilichofunikwa, na wa kufumba macho na kuwaza tu. Robo saa kila siku kwa wiki 4. Waliotazama kioo maumivu yalipungua. Kwa wengine wengi hakuna nafuu, na waliofumba macho wengi wao walizidi kuumia. Watu 22 ni wachache, lakini kioo hakina madhara ya tumbo na mimi kioo ninacho, kile kirefu cha wateja kujitazamia wakijaribu nguo.

Tulifanya hivi. Nilikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu mbele. Mwanangu akakilaza kioo kwa ubavu katikati ya mapaja, uso wake ukielekea mguu mzima wa kushoto, kigutu kikafichika nyuma. Nilivua kikuku, maana binti alionya kwamba chochote kinachoutambulisha mguu wa kushoto kitaharibu. Nikainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto nikatazama kioo. Miguu miwili. Nilijua ni picha, fremu naiona, hata alama ya chaki ya fundi naiona pembeni, lakini tumboni kitu kilishtuka.

Sikufanya lolote kwa muda, nikautazama tu. Halafu nikaanza kukunja vidole vya kushoto taratibu, mpaka vikafanana na vile ninavyovihisi upande hewa. Hapo ndipo penye siri, na naona wengi wanaparuka. Ukianza na mguu ulionyooka wakati wa hewa umejikunja, macho yanasema hivi na hisia inasema vile, na ubongo unakataa. Kwanza vilingane. Vilipolingana, nikavifungua vyote pamoja, polepole, gumba kwanza. Kwenye kioo mguu wa kulia ukafunguka. Na ule mwingine, ambao siwezi kuuonyesha kwa mtu, ukafunguka nao. Kucha zikatoka kwenye unyayo. Nilipiga ukelele, mwanangu akadhani nimejichana na kioo.

Nafuu ya kwanza ilikuwa fupi. Chakula cha jioni hakijaiva, vidole vimerudi kujikunja. Hilo watu waambiwe mapema, maana wengi huachia hapo. Nikawa nafanya kila jioni baada ya magharibi, kabla ya taarifa ya habari, simu ikiwa mbali. Siku ambazo mwanangu alichelewa kwenye foleni, nilikiegemeza kioo kwa matofali mawili yaliyofungwa vitambaa. Wiki zilivyokwenda nafuu ikarefuka, na jambo la ajabu likatokea: mguu hewa ukaanza kufupika. Muundi ulipotea, unyayo ukapanda taratibu mpaka ukawa umekaa karibu na goti. Nilimwambia binti kwa woga, akasema linajulikana, linawapata wengi.

Mchana, dukani, nilikuwa na kazi nyingine. Nilianza kukisugua kigutu kwa vipande vya nguo, kutoka laini kwenda kikali: satini, pamba, kitenge kilichofuliwa, taulo, jinzi, mwisho gunia. Mwanzo hata satini iliwasha. Sababu yake ni nzuri na kila mtu ameshaitumia bila kujua. Nyuzi za neva zinazobeba mguso ni nene, zimevikwa ganda la mafuta, na habari yake inakimbia mita 50 hivi kwa sekunde. Zinazobeba maumivu ya kuchoma ni nyembamba, hazina ganda, zinajikokota mita 1 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana ukijigonga kidole kwenye kizingiti unajua umejigonga kabla hujasikia uchungu wenyewe. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna mlango, na mguso ukiwahi, unaubana mlango huo na maumivu yanapita machache. Mama yako alipokusugua ulipoanguka alikuwa anafunga mlango. Nami nilikuwa naufunga kwa mabaki ya suti za wateja.

Dawa sikuziacha. Daktari aliniandikia amitriptilini, dozi ndogo ya usiku. Mpwa wangu aliyesoma karatasi yake akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina sonona, kwa sababu hapo mwanzo ilikuwa dawa ya sonona. Lakini hiyo inafanya kazi pia kwenye njia zinazoshuka kutoka ubongoni kwenda uti wa mgongo, zile zinazopunguza maumivu yasipande. Ilinikausha mdomo na kunilaza hadi saa mbili asubuhi, na haikuonyesha kitu kabla ya wiki kadhaa. Usingizi niliuhitaji, maumivu haya na kukosa usingizi vinalishana.

Kisha ukaja mguu wa bandia. Fundi aliyenipima alisomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kule hospitali ya KCMC Moshi, na nilimtazama kwa jicho la fundi mwenzake: jinsi anavyozungusha plasta, anavyoweka alama pale mfupa unapochomoza, anavyorudia kipimo bila kuona haya. Nikajua nipo salama. Nilipoanza kuutembelea, unyayo hewa uliokuwa umepanda gotini ulishuka tena, ukaingia ndani ya ule wa plastiki, ukakaa. Kuna siku natembea kwenda genge la mboga na nahisi changarawe chini ya unyayo wa plastiki. Usiniulize vipi. Nadhani ubongo ulichoka kulipa bure ukampa mfanyakazi hewa kazi halisi.

Maumivu hayakwisha kabisa. Baridi ya Julai inayaamsha, homa inayaamsha, na kibofu kikijaa usiku vidole vinaanza kujikunja kabla sijaamka, jambo ambalo lina faida yake. Yakija, najua la kufanya, na hayanitishi tena. Shangazi anaamini ni kwa sababu mjomba alikwenda kaburini kimya kimya akanyoosha. Mjomba hakubali wala hakatai.

Hivi karibuni alinijia mama mmoja wa Kongowe aliyepoteza mkono kiwandani, akisikia ngumi imefungwa usiku kucha. Kwa mkono kioo hakilazwi. Kinasimamishwa juu ya meza mbele ya kifua, mkono mzima upande unaong'aa, na pete inavuliwa. Mara ya kwanza alipata kizunguzungu na kichefuchefu, tukafunika kioo kwa kanga akapumzika, siku iliyofuata akatazama tu bila kuchezesha vidole. Ya tatu ngumi ikalegea. Kioo kiko kwake mpaka sasa. Wateja wangu wa Idi walijitazama kwa kamera za simu, na mmoja amenibakizia deni akidai gauni halikumkaa mgongoni.