Mia tano kutoa mia na themanini

Darasa la nne la mwaka 2005 lilikuwa na watoto wa kila kimo. Ndio walioandikishwa 2002, MMEM, mpango wa serikali ya Tanzania wa maendeleo ya elimu ya msingi, ilipoanza na ada ya shule ya msingi imeshafutwa, na wazazi waliokuwa wamekaa na watoto nyumbani wakawaleta wote kwa mpigo. Mtoto wa miaka kumi alibanana na kijana anayeanza kubalehe, wanne kwenye dawati la watatu, waliobaki sakafuni. Mimi nilikuwa mwalimu mwanafunzi, nimetoka chuoni kwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, nikapangiwa shule moja ya Pangani, si mbali na kivuko cha kwenda Bweni.

Mwalimu wa hisabati niliyewekwa chini yake alikuwa mzee anayekaribia kustaafu. Wiki ya kwanza alinikataza kushika chaki. "Kaa nyuma, mwanangu, utazame."

Siku hiyo somo lilikuwa kutoa kwa kukopa. Watoto walikuwa wamekwisha kufanya maswali kwenye madaftari, mzee akapita katikati yao akichungulia, kisha akaandika ubaoni 500 kutoa 180, kwa wima, akamwita mvulana wa dawati la nyuma. Nitamwita Hamisi, ingawa silo jina lake. Hamisi akachukua chaki, hakusita, akaandika 480.

Darasa likaangua kicheko. Mimi nikangoja fimbo, maana ndivyo nilivyofundishwa hesabu. Kanuni za serikali zilitaka viboko visizidi vinne, tena kwa kibali cha mwalimu mkuu na viandikwe kitabuni, lakini katika hesabu sikuwahi kuona mtu akisubiri kibali.

Mzee alisimama pembeni ya Hamisi, akaitazama ile 480 kama mtu anayesoma barua ya kwao.

"Haya, nionyeshe ulivyopita."

"Sifuri kutoa sifuri, sifuri. Nane kutoa sifuri, nane. Tano kutoa moja, nne."

"Hapa katikati sifuri ndiyo iko juu. Mbona umeanza na nane?"

"Nane ndiyo kubwa. Tuliambiwa ndogo ndiyo inatolewa kwenye kubwa."

Tuliambiwa! Kuna mwalimu wa darasa la kwanza aliyeyasema hayo, na kwa hesabu za siku ile alisema sawa. Hamisi aliyashika mpaka leo. Huyu mtoto hakuwa mzembe wala mzito. Alikuwa anatii amri ambayo hakuna aliyerudi kumwambia imefika mwisho wake.

Kuna jambo jingine mzee alilijua, nami nililijua kwa kuwa nilikuwa mteja. Kila asubuhi kabla ya kengele Hamisi alikuwa kivukoni na ndoo ya plastiki ya vitumbua, kimoja shilingi thelathini. Ukichukua sita ukampa noti ya mia tano, chenji ilikuwa mkononi mwako kabla hujafunga pochi. Nilidhani mzee atalitaja hilo pale pale mbele ya darasa. Akawageukia wote.

"Mama yangu mimi alikuwa mpika vitumbua. Nimeviuza mpaka darasa la saba. Sasa leo narudi kazini. Hamisi, wewe mteja: umenipa mia tano, umechukua vya mia na themanini. Nikikurudishia mia nne na themanini je?"

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka mwalimu. Hamisi naye akacheka.

"Utafilisika, mwalimu."

"Basi nikurudishie ngapi?"

"Mia tatu na ishirini."

"Umepataje?"

"Mia na themanini, weka ishirini, mia mbili. Halafu mia tatu, mia nne, mia tano."

Mzee aliyaandika maneno hayo ubaoni hatua kwa hatua, kando ya 480. Kisha akarudi kwenye ile hesabu ya wima: mia tano ni mia moja moja tano; vunja moja upate makumi kumi; toa makumi manane, yanabaki mawili; mia zilizobaki nne, toa moja, tatu. Ikaja 320 ileile. Akauliza wangapi wameandika 480 kwenye madaftari. Mikono ikapanda kila upande, mingi ya waliocheka.

Ofisini nilimuuliza kama kweli mama yake alipika vitumbua.

"Kweli tupu. Watoto wa kivukoni utawadanganya nini?"

Na mbona hakuitaja ndoo ya Hamisi? "Ile ni yake. Akitaka ataisema mwenyewe."

Kwenye begi langu nilikuwa na notisi za saikolojia ya elimu, ukurasa mzima wa Carl Rogers, yule Mmarekani aliyeanzia kwenye ushauri nasaha na kufikia mwaka 1969 akawa ameyaandikia madarasa mawazo yake: mwalimu asivae sura ya bandia, amthamini mwanafunzi kama mtu, na aelewe kutoka ndani jinsi masomo yanavyomfikia mwanafunzi huyo. Tuliyaandika kwa imla, tukayakariri kwa ajili ya mtihani, na hakuna aliyeona kichekesho chake. Hilo la tatu wengi wetu tuliliona kuwa ni upole. Mzee wangu hakuwa mpole. Aliyechelewa alifagia uwanja, na mimi mwenyewe nilimwogopa. Alichokuwa nacho ni udadisi juu ya kichwa cha mtoto.

Baadaye sana nilisoma utafiti wa Recife, Brazili, uliochapishwa 1985. Watoto watano wachuuzi walipata karibu asilimia 98 ya hesabu walipoulizwa sokoni, na asilimia 37 hivi hesabu zilezile zilipowekwa kwenye karatasi kama namba tupu. Hamisi angekuwa wa sita wao.

Siku ileile mwalimu mmoja alimwambia mzee, si kwa ubaya, "Watoto tisini, mtihani wa taifa wa la nne mwisho wa mwaka, na wewe unamhoji mmoja. Silabasi utaimaliza lini?" Hoja yake ilikuwa nzito, na bado naiona nzito. Swali moja lilikuwa limekula robo ya kipindi cha dakika arobaini, na hakuna mwalimu anayeweza kuwahoji tisini. Mzee naye hakujaribu. Aliwinda madaftarini kosa lililorudiwa na wengi, akamhoji mmoja kwa niaba yao.

Nilipokabidhiwa darasa nilimuuliza jambo hilo naliweka wapi kwenye andalio la somo. Akaniambia liende safu ya kazi ya mwanafunzi: "Kueleza alivyopata jibu, dakika kumi." Mkufunzi aliyekuja kunikagua aliikata ile kumi kwa wino mwekundu, akaandika tatu, na pembeni: "Zingatia muda."